Chumvi ya Machozi

Bukasa, mwaka ule ziwa lilipopanda

Kwanza maji yalichukua ubao wa matangazo,
kisha choo cha mwalo, kisha mwalo wenyewe.
Vichanja vya dagaa tulivihamisha mara tatu,
mara ya nne tukavitia jikoni, vikawa kuni.
Halafu redio ikasema: hakuna kuvuka.
Ugonjwa uko bara, askari wako majini,
na boti ya Kasenyi, iliyotuletea kila Jumanne
sabuni, betri, sukari na umbea,
ikabaki jina.

Nilikuwa nimerudi na sanduku la shule,
kidato cha tano, fizikia na kemia.
Uzito wa atomu naujua,
kuwasha kuni mbichi sijui.

Wiki ya sita Birabwa wa duka
alikung'uta gunia la chumvi
akalikunja polepole, pembe kwa pembe,
kama mtu akunjaye sanda.

Usicheke.
Samaki tulikuwa nao, ndizi tulikuwa nazo.
Ila kula chapwa siku arobaini
ni kama kusemeshwa na mtu asiyekutazama.
Watoto walianza kulamba mawe.

Jioni moja tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa:
mimi, Ssekajja na injini yake isiyo na petroli,
Nakiwu aliyekimbia ndoa Buvuma,
tukibishana nani kati yetu atakufa wa kwanza.
Nyuma yetu mdogo wangu Namayengo, miaka saba,
anaruka kamba kwa Kiswahili cha mwaloni,
kile kilichookotwa kwa kila kabila:

     Ganda la ndizi, kauka,
     kauka, ungua, pepeta,
     machozi ya chungu, shuka,
     shuka, usinywe, chemka,
     mpaka ucheke meupe!

Nakiwu akaninyamazisha kwa kiganja.
Sote tumeruka kamba kwa maneno hayo,
magoti yetu yanayajua kuliko vichwa.
Miaka yote tulidhani ni wimbo wa msiba,
machozi machungu ya mjane fulani.
Kumbe chungu ni chungu tu,
chungu cha udongo, chenye tundu kitakoni.

Bibi yangu alikufa nayo, elimu hiyo.
Alidhani hatuitaki.
Hakukosea.

Basi tukaunguza maganda. Mara ya kwanza
maji ya majivu yalimbabua Ssekajja ulimi,
siku mbili akazungumza kama mlevi.
Mara ya pili tulipata matope.
Mimi nikasema potasiamu, nikasema kuchuja,
nikafunga nyasi kavu chini ya tundu;
Nakiwu akasema acha kusoma, ongeza mafunjo,
upande wa mama yake walichoma mafunjo.
Namayengo akasema mnaimba vibaya,
"shuka" ni mara mbili.

Mara mbili!
Tukayarudisha maji juu ya majivu, yakashuka tena,
tukayachemsha usiku kucha kwenye sufuria ya Birabwa,
na alfajiri, pembezoni mwa sufuria,
kitu kikacheka.

Si meupe sana. Kijivu, na mkiani kina ukali.
Hakikutosha kuhifadhi hata sangara mmoja.
Kijiko kimoja kila nyumba, nyumba thelathini na moja;
mzee mmoja alikilamba chote mlangoni petu
akaondoka bila kuaga, mabega yakimtikisika.

Boti iliporudi, ilileta chumvi ya pakiti.
Nilinunua. Sote tulinunua,
nisikudanganye.
Ila chungu chenye tundu hakijarudi darini,
na Ssekajja, mtu mzima mwenye ndevu,
siku hizi hukaa na daftari palipo na watoto,
akiandika michezo yao ya makofi.

Upo mmoja wa sami, wale wadudu
wanaoinuka ziwani kama moshi usio na moto.
Una mistari minne. Mitatu tumeielewa.
Wa nne una neno moja
ambalo Namayengo hulipigia kofi kwa nguvu kuliko yote,
na tukimuuliza maana yake
hutushangaa,
anaendelea kupiga.