Theluthi Mbili ya Skrini

Usiniulize habari za sinema kama mjuzi.
Mimi ni mshona mapazia, hapa Volos, ghorofa ya pili,
na chini ya roshani yangu kuna sinema isiyo na paa
ya Bwana Karabelas: viti vya chuma, paka wanane,
ukuta unaopakwa chokaa upya kila Mei.
Silipi. Natoa kiti na beseni la maharage mabichi,
naketi, namenya.

Ila kuna mforosadi.
Umejiotea kando ya ukuta, hakuna aliyeupanda,
na mwaka hadi mwaka unakula upande wa kushoto.
Sasa nimebakiwa na theluthi mbili.
Maandishi ya tafsiri nayapata mikia tu:
"...na usirudi tena."
"...bomu."
"...kama mama yako."
Kwa mikia hiyo nimejenga maoni yangu,
nayo ni ya bure, kama tiketi yangu.

Wale wenye majoho, waruka angani, waokoa dunia:
sawa, nawashukuru, dunia ndimo ninamokaa.
Lakini mji mzima umeporomoka,
vioo vimejaa hadi kwenye vitanda vya watoto,
na sijaona hata mmoja wao akishika ufagio.
Hii ilikuwa sehemu ya saba. Ya nane iko njiani.
Dunia iliyookolewa mara saba
ingekuwa na adabu, ingetulia.

Na hakuna anayemaliza chakula! Hili linaniuma kweli.
Mwanamke kakaanga mayai, katandika meza,
simu inalia, "...sasa hivi!" na mwanamume huyoo,
mlango kauacha wazi.
Wengine wanamfuata yeye na pikipiki yake.
Mimi moyo wangu unabaki na mayai.

Za kutisha naziogopa kwa masikio tu,
niko ndani, naosha vyombo.

Mpwa wangu Polikseni, anayesoma Athene,
anasema hizo zote ni takataka zenye pesa.
Akaniletea ya kwake: saa tatu, mchunga mbuzi na ukuta.
Ukuta ulicheza vizuri.
Nililala mchunga mbuzi alipoanza kugeuka,
nilipoamka alikuwa bado anageuka.
"Umeionaje, shangazi?"
"Imenipumzisha."
Alininunia hadi basi la Jumapili.

Basi Julai hii ikaja moja, ya watu wengi,
mabango mpaka bandarini.
Mzee anaendesha gari, safari ndefu, anaongea peke yake.
Siku nne mfululizo nilimtazama.
Anacheka peke yake. Anamenya chungwa kwa mkono mmoja,
ananyoosha kipande kuelekea majani ya mforosadi,
na mkono unarudi mtupu.
Nikasema, huyu amefiwa.
Huyu anamlisha mkewe asiyekuwepo.
Nami tangu Stamatis aondoke
kuna asubuhi naweka vikombe viwili
kabla macho hayajafunguka sawasawa.
Nililia ndani ya beseni.
Maharage ya siku hiyo niliyapunguzia chumvi.

Siku ya tano Karabelas akanipigia mluzi:
"Bibi Evanthia, shuka! Viti vitupu, mvua inanukia!"
Nikashuka na kandambili zangu, nikakaa katikati kabisa.

Kushoto alikuwepo msichana.
Mjukuu wake, miaka kumi hivi, meno yamefungwa vyuma,
anapokea chungwa, anatafuna mdomo wazi,
anamjibu babu neno kwa neno.
Watu wanacheka hadi paka wanahama.
Kumbe ni ya kuchekesha.
Nilitazama mbele kwa heshima, kama mgeni harusini
aliyekosea ukumbi na sahani kesha pewa.

Nilipanda ngazi kabla haijaisha.

Karabelas anasema Septemba ataleta msumeno,
akate yale matawi, "uone yote, mama, kama watu."
Nimemwambia mti una kiota, kuna makinda.
Hauna.