Foleni ya Gesi

Odiljon, bado umo kwenye foleni ya gesi?
Saa tisa usiku, Tashkenti, theluji imekaa juu ya boneti
kama mgeni asiyeaga.
Nimekuletea mkate, ungali moto. Sogea.

Najua. Ulinicheka nilipoiuza ile Nexia:
“Utasukuma friji lenye magurudumu!”
Na kweli, Januari ya kwanza betri ilinywea,
nikamfikisha abiria Chilonzor bila hita,
tukipumua mawingu. Alinipa nyota mbili.

Lakini sikiliza. Zima injini kwanza, nijisikie.
Jana usiku nilichomeka waya uani, nikalala.
Nililala, Odiljon! Muqaddas akadhani naumwa.
Asubuhi nikahesabu: hela ya gesi imo mfukoni,
na shati halinuki.

Sikwambii uuze leo. Deni la gari ni deni,
kukopa harusi, kulipa matanga.
Nakuomba tu kesho ushike usukani wangu,
twende mpaka Chorsu, dirisha wazi kidogo.
Utalisikia jiji likikohoa.
Utadhani gari limezimika.

Halijazimika.
Kanyaga.