Mjusi wa Kanisani

Nilikuwa na karatasi.
Vituo vitano kwa wino wa buluu, na saa ya kila kituo:
ngome saa tatu kasorobo, kabla mawe hayajashika moto;
kanisa la kuba, kanisa la minara, pembe za barabarani,
na mwisho, tukivuka daraja kurudi nyumbani, kengele.
Kengele niliipigia mstari mara mbili.

Karatasi ilifia ngomeni.
Danstan, miaka minne, aliifikia mifupa ya nyangumi
akagoma kwenda mbele.
"Nani alimla?"
Nikamweleza Wareno, nikamweleza Waomani,
mizinga, njaa, karibu miaka mitatu ya kuzingirwa.
Alisikiliza kwa adabu, kidole puani.
"Ndio waliomla?"

Kanisa la humo ngomeni halina paa.
Kezia alisimama pale nilipodhani palikuwa madhabahu,
akafungua kitumbua.
"Mvua ikinyesha, Mungu walimsitiri wapi?"
Nikamwambia ale, tuna safari.

Kanisa la minara miwili tulilijua kwa choo chake tu.

Kwenye kanisa la kuba, Mishi alivua ndala.
Mishi wa jirani, Bi Swabra, ambaye sikumwalika:
tulipofungua mlango asubuhi
alikuwa kizingitini, nywele zimesukwa, tayari.
"Huu msikiti," alisema.
"Kanisa," akasema Kezia.
"Na hilo kuba?"
Wakanitazama. Nilikuwa na jibu, nililisoma usiku kucha,
la waashi na mitindo na mwaka wa kuwekwa jiwe,
lakini Danstan alikwisha vua viatu,
na Kezia anafungua kamba,
nami, mkoba begani, chupa tatu za maji kwapani,
nikavua.
Nimebatizwa mle. Nimeimba alto mle miaka tisa.
Nimeolewa mle, kwa viatu vya kuazima vilivyonibana.
Sikuwahi kuijua ile sakafu kwa nyayo.
Baridi yake ilinipanda hadi magotini
kama maji ya mtungi.

Ndipo mjusi akatokea,
nyuma ya kibao cha shaba cha marehemu fulani aliyekufa homa.
"Mjusi kafiri!" Danstan akapiga ukelele,
na kuba likampokea, likamrudishia:
kafiri, firi, ri.
Mama wawili waliokuwa wakisali wakageuka.
Mfagiaji akaegemea ufagio.
"Mama, mbona kafiri, na anakaa kanisani?"
"Kwetu pia yupo," Mishi alisema, "msikitini, juu ya taa.
Kwetu pia kafiri."
Wakamtazama mjusi. Mjusi akameza mate.
"Labda," Kezia alisema,
"hajaulizwa."

Pembe tulizipita tukinunua mabuyu.

Jioni, tuktuk ikavuka daraja.
Danstan alilala, mdomo mwekundu wa mabuyu kwenye kola yangu.
Kengeleni foleni ilisimama, na yenyewe ile pale,
ndogo kuliko nilivyoiweka moyoni,
ndani ya mnara wake, kati ya honi na moshi wa mahindi.
Nyanya wa nyanya yangu alishushwa ng'ambo hii
kutoka chombo kilichokamatwa na chombo.
Alikuwa na jina. Hakuulizwa.
Akapewa jingine, na siku ya kuzaliwa,
na kengele ya kumwambia lini aogope.
Hayo ndiyo niliyataka,
ndiyo yaliyopigiwa mstari mara mbili.
"Nani huipiga?" Mishi aliuliza.
Nikavuta pumzi nianze mwanzo.
Foleni ikasogea.

Danstan akaamka Kongowea.
"Tumefika?"
"Tumepita."
"Tumepita nini?"