Ile Yenye Kasoro

Tampere, Novemba, saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Dukani kwa Lehtovaara taa zinawaka kama chumba cha upasuaji,
na kamera tisa za video zimefungwa minyororo mezani
kama mbwa wanaowangoja wenyewe.

Pentti anataka inayovuta mbali.
"Mara mia saba," anasema kijana wa duka, Joona,
mwenye beji iliyopinda na mafua yasiyokwisha,
"mara mia saba, mama, unaona hadi nyusi za ndege."
Mara mia saba! Nyumba yetu ina vyumba viwili na sauna.
Nimvute nani, kutoka wapi?
Mtoto akizaliwa atakuwa hapa, kwenye kiwiko,
karibu mno hata kwa macho.

Tunazipima mkononi, moja moja.
Hii nyepesi kama kipande cha sabuni, itaniponyoka.
Hii vitufe vyake ni punje za shayiri:
navaa glavu, najaribu, kidole kimoja kinabonyeza vitatu,
nimerekodi, nimefuta, nimeirudisha tarehe hadi mwaka wa themanini.
Hii betri yake huzimia baridi ikifika nyuzi kumi chini ya sifuri.
"Kumi?" Pentti anacheka. "Hiyo kwetu ni sikukuu."
Ile ya fedha inakula kanda ndogo kama viberiti,
saa moja kila kanda, na kanda haziuzwi bei ya njugu.
Ile nyeusi ni yuro mia sita na tisini na tisa,
begi mbali, stendi mbali,
usingizi wangu mbali.

Mama alikuwa na moja kubwa kama tofali,
aliibeba mpaka bega likajifunza kuinama.
Aliilipia kidogo kidogo kwa mshahara wa kiwanda cha viatu.
Ametuachia kanda kumi na nne.
Nimezitazama zote, wiki ile baada ya maziko, nikiwa na soksi mbili mbili.
Kaka yangu Ilmari akianguka barafuni: yumo.
Baba akigeuza soseji na kuunguza kidole kilekile: yumo.
Mbwa yumo, tena mara nyingi kuliko mimi.
Mama hayumo.

Asiyekuwapo na lake halipo.
Lakini kanda ya tisa, Ilmari anaitafuta skii yake ndani ya theluji,
na karibu, karibu kuliko theluji, kuliko Ilmari,
mtu anapumua.
Anavuta kamasi. Anachekea puani.
Anasema, wala hamwambii mtu, "Haya basi. Haya."
Kisha kivuli kirefu, kofia na yote,
kinaingia chini ya picha,
kinajiona kimeonekana,
kinatoka.

Joona anashusha sauti, muungwana:
"Hii ndogo ya kijivu sikushauri.
Maikrofoni yake imekaa vibaya, juu ya kidole hivi.
Inamsikia anayeishika kuliko anayepigwa picha.
Wateja wawili wameshairudisha."

Pentti keshaigeukia ile nyeusi.
Mimi naiokota ya kijivu, naifungua skrini yake,
namlenga mume wangu na sweta lake alilolivaa nyuma mbele.
Tumboni napigwa teke.
"Haya basi," nasema, sijui kwa nani.

Joona anarudisha kanda nyuma, tunasikiliza
kwa spika isiyozidi kifungo cha shati.
Huko mbali Pentti ananung'unika mambo ya lenzi.
Na juu yake mimi: pua, mate, koti likijisugua,
pumzi za mtu aliyepanda ngazi akiwa watu wawili.

"Umesikia?" Joona anakunja uso. "Ndiyo hiyo kasoro."
"Nifungie," namwambia. "Na kanda nne."

Garini, vioo vimeganda, Pentti anageuza boksi,
anasoma upande mmoja, anasoma wa pili.
"Na tukitaka kuvuta karibu?"
"Miguu unayo," namjibu.
"Sogea."