Tundu la Saba

Mie kazi yangu ni kuingia pipani.
Makonyo yakishakamuliwa mafuta kwa mvuke
hulala chini meusi, yamelowa, yanafukuta;
nashuka kwa ngazi na beleshi, nayachota.
Nikirudi nyumbani nanukia karafuu
hata paka hunikimbia.

Mle ndani mna mapanga manne ya kuvurugia.
Juu ya kichwa, bomba la mvuke.
Swichi ya mapanga ni ya Shaame, fundi umeme.
Koki ya mvuke ni ya Khatib Asaa, fundi bomba.
Ngazi ni ya stoo. Taa ni ya stoo.
Na mie niliye ndani, wa nani?

Nauliza kwa ajili ya Riziki Ngwali.
Siku ile Shaame alizima, akenda kunywa uji.
Mtu akapita, akaona swichi imelala,
akaiamsha.

Shaame akasema: mie nilizima.
Khatib akasema: koki niliifunga, mapanga si yangu.
Rehani akasema: mie nachomelea tu.
Msimamizi alikuwa Wete, ana risiti ya mafuta ya gari.
Kila mmoja alisema kweli.
Kweli zao zikajaza karatasi tatu,
na mkono wa Riziki ukazikwa peke yake
katika kitambaa cheupe,
shimo dogo kama la mbegu ya muhogo.

Mwenyewe yu hai. Hufunga ushungi
kwa mkono mmoja na meno.

Ndipo makufuli yakaja kwa meli kutoka Unguja,
sita, kila moja na rangi yake,
na bati la kubania swichi, lenye matundu sita.
Umeme, bomba, boila, mitambo, mchomeleaji, msimamizi.
Una kazi, tia lako. Umemaliza, toa lako.
La mwenzio usiliguse.
Nikayahesabu matundu mara mbili.

"Wewe si fundi, Mize," msimamizi akanambia.
"Shaame atakufungia."
Kama kuku!
Nikamjibu: Shaame ni mtu mwema.
Na siku ile alikuwa mwema.

Nikanunua langu sokoni Chake,
dogo, la sanduku la nguo, elfu tatu na mia tano.
Nikalipaka hina, ikakataa kushika; nikalipaka rangi ya kucha.
Rehani hakusema neno. Alilichukua lile bati,
akalibana, akatoboa tundu la saba.
Limekaa kombo, ukingo wake unakwaruza.

Alhamisi nilisahau. Msinisifu.
Mtoto ana homa, mvua inapiga,
nikatoka mbio, ufunguo fundoni mwa kanga
pamoja na nauli.
Makufuli sita yakatoka. Langu likabaki
likiung'ang'ania mtambo mzima,
na mapipa ya mafuta yanangojwa bandarini.

Wanasema msimamizi alileta msumeno.
"Pipa tupu, mmeona wenyewe!"
Shaame akaketi chini ya swichi, miguu kainyoosha.
"Hili si kufuli," akasema. "Huyu ni Mize.
Hatukati mtu hapa tena."
Na Khatib, ambaye mapanga si yake,
akaketi ubavuni mwake.

Wakanifuata kwa pikipiki saa tano za usiku.
Nilitukanwa, na nilistahili.
Nikasema nimekosa. Kisha nikaomba tochi.

Nikamulika ndani. Hamna mtu.
Wote wamesimama, hakuna aliyeguna.
Nikamulika tena, pembe kwa pembe,
chini ya kila panga.

Nikafungua fundo la kanga.
Kufuli likatoka kwa kukwaruza.
Shaame akanyanyuka, akapangusa suruali,
wala hakuigusa swichi
mpaka mkono wangu uliposhuka
ukarudi ubavuni, wote, na vidole vyake.