Nyuzi Mia Tano Sabini na Tatu

Mama hulichoma jiwe kabla ya kulitwanga.
Hakufundishwa. Alimwona Khasandi wa Isulu
akilaza mawe meupe juu ya kuni za mkaratusi jioni,
na alfajiri akiyasaga bila kuhema,
huku wenzake wa Ikolomani
wakihesabu malengelenge viganjani.
"Moto hulitoa kiburi," alituambia. Basi.

Mimi nimesomea kiburi hicho.
Nina chumba Kakamega, dirisha moja,
na tanuri niliyoiunda kwa matofali ya Shinyalu
na nyaya za pasi tatu zilizokufa.
Ndani nimening'iniza kijiti cha kwatzi,
kirefu kama kidole cha shahada,
nilichokikata kwenye fuwele safi
niliyoiokota pembeni mwa lundo la Mama.
Nakigusa. Kinalia. Naandika.

Fuwele hulia kadiri ilivyokaza mwili:
iliyokaza, sauti juu; iliyolegea, sauti chini.
Nyuzi mia mbili, sauti karibu ileile.
Mia nne, imeshuka kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake asigeuke.
Mia tano hamsini, inateremka mlima.

Vijiti vitatu vilinipasukia. Haraka yangu.
Cha nne nilikipandisha nyuzi moja kwa dakika tano,
usiku, umeme ukiwa na adabu,
Shitanda mlinzi akiniletea chai
na kuuliza kama jiwe limeshaiva.

Sitini na tano. Sabini. Sabini na moja.
Sauti ikaporomoka hata nikashuku nyaya.
Kila nikijuacho, ukikivuta, hukonda kiunoni:
mpira, donge la unga wa chapati.
Hili, karibu na kugeuka,
ukilivuta linanenepa,
ukilibana linajikusanya pande zote
kama mgeni kwenye benchi lililojaa
asiyetaka kumsukuma mtu.

Sabini na tatu.

Hakuna kilichoanguka. Hakuna kilichometa.
Chembe zilijizungusha kidogo, kila moja mahali pake,
zikakaa mkao ambao zilikuwa zikiutafuta.
Kisha sauti ikaanza kupanda,
ikapanda, ikapita pale ilipoanzia asubuhi
jiwe likiwa baridi mkononi mwangu.
Nilisimama na kalamu. Shitanda akasema, "Limekuwaje?"
Nikasema, "Limekaza." Akasema, "Motoni?"

Na lilipopoa likarudi, lakini si lile:
nusu imeelekea huku, nusu kule,
Mukhwana na Mulongo ndani ya ngozi moja,
na kwa macho huwezi kuwatenga.

Jumamosi nikampelekea Mama namba.
Nikamwambia, moto hautoi kiburi, Mama.
Jiwe hulegea likikaribia tu.
Likishavuka, huwa gumu kuliko mwanzo.
Hakuinua macho kwenye karai.
"Ndiyo maana hulimwagia maji," akasema.
"Likivuka, nalirudisha mbio. Linarudi na nyufa."
Kisha: "Na hiyo namba yako, ina gramu ngapi?"

Sikuwa na gramu.
Nilikuwa na swali jingine, la zamani,
juu ya wiki ile kabla hajamfukuza Baba,
alivyoitikia kila neno,
alivyomkaangia mayai mawili, akampigia shati pasi,
akacheka hata pasipochekesha,
nasi watoto tukanong'onezana: amevunjika.
Jumatatu alikuwa mlangoni na sanduku la Baba,
na sauti ambayo hatujaisikia ikishuka tena.

Sikuuliza. Angesema, usinifanye jiwe.

Akaokota kipande kutoka kwenye majivu,
akakigonga kwa ukucha, sikio karibu,
muda mrefu kuliko nilivyowahi kukisikiliza changu.
"Hiki bado," akasema,
akakisukuma ndani, palipo na makaa meupe.