Kufuli la Hawe

Hakuna aliyemfukuza.
Nasema hivi kwa kuwa daftari la kodi nalishika mimi,
na Hawe Badiva, chumba cha nne, Maweni,
hakulaza deni hata siku tatu.

Ilianza bombani.
Mtu aliosha mdomo wa mpira baada yake,
kwa sabuni, mara mbili, akitazama kando.
Kesho yake foleni ikawa imejifunza:
ndoo ya Hawe ya mwisho,
hata akitangulia adhana.

Watoto wakaziba pua.
"Mlangulo! Leo umekula ndovu wa nani?"
Yeye, aliyemjua ndovu kwa kalenda ya duka la saruji,
aliyefua shuka za hoteli ya Wataliano
hadi vidole vikanukia dawa ya kung'arisha.
"Sisi ni Waata," alisahihisha, mara moja tu.
Wakacheka,
kana kwamba jina nalo huombwa kwa jirani, kama chumvi.

Nguo zikashuka kambani zenyewe, matopeni.
Mlango ukaandikwa kwa mkaa: RUDI PORINI.
Kituoni askari alimuuliza kabila
kabla ya kumuuliza jina,
akafunga kitabu. "Matusi hayaachi alama, mama."

Na mimi? Mimi sikuandika mlangoni.
Nyanyangu aliitwa kizazi cha watwana mpaka anazikwa,
nalijua neno linavyokaa kooni.
Baba aliposema, "Kamwambie chumba kinakarabatiwa,
kinavuja," nilivaa ndara nikaenda.

Alikuwa akichagua mchele.
Alinyanyua macho darini, akayazungusha taratibu,
pembe hadi pembe.
"Kinavuja wapi?"

Kiangazi kile. Miezi minne bila tone.

Muyeye alikaa hadi mwezi wa tatu.
Kisumu Ndogo, kodi ilipanda mara mbili
siku aliyotaja jina la babake.
Ngala hakufika ndani:
neno lilimtangulia,
lilishakaribishwa, lilishapewa kiti.

Sasa analala barazani, duka la vitambaa lililofungwa,
nyuma ya soko la zamani.
Hoteli haimtaki mfuaji asiye na pa kuogea.
Kufuli la chumba cha nne, alilonunua kwa pesa yake,
bado analo.
Usiku hupitisha pingu yake kwenye mpini wa mkoba
na kwenye chuma cha dirisha,
hufunga, huvuta mara mbili kuhakikisha,
kisha huingiza ufunguo kifuani
kama mtu aliyefika kwake.

Nilimwona. Nilivuka barabara.

Chumba tumekipaka rangi ya maziwa, mikono miwili.
Mvua ya juzi mbao zikalowa,
mkaa ukachungulia: R, kisha U, kisha DI.
Mpangaji mpya akaupitisha kidole.

"Hapa alikaa nani?"

Nilikuwa naandika risiti.
Sikuinua kichwa.

"Hapakukaa mtu," nikasema.